Kusoma Kunaanza Masikioni: Hotuba kwa Wazazi na Walezi wa Newala

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa viongozi wa kata na vijiji, walimu wenzangu, wazee wetu, wazazi na walezi mlioacha shughuli zenu kuja hapa: asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo. Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii, na nafurahi zaidi kuona kina baba na mabibi wameketi pamoja na kina mama, kwa kuwa nitakayoyasema yanamhusu kila mtu anayeishi na mtoto chini ya paa moja.

Nimeombwa nieleze namna ya kumwandaa mtoto mdogo ili aje kujua kusoma na kuandika vizuri. Wapo wanaodhani kwamba kazi hiyo inaanza siku mtoto anaponunuliwa sare na daftari. Mimi naamini, na hilo ndilo neno langu kuu leo, kwamba inaanza miaka mingi kabla ya hapo, masikioni na kinywani mwa mtoto, na kwamba vifaa vinavyohitajika tayari vimo katika nyumba zetu hapa Newala: katika mazungumzo, nyimbo, vitendawili, kazi za shambani na michezo ya uani. Herufi zina wakati wake, nao utafika. Zikimkuta mtoto ambaye sikio lake limezoea kuzichambua sauti na ambaye amekwisha kuwa na maneno mengi, atazishika bila kuteseka.

Tutazame kinachotokea mtoto anapolisoma neno “kisamvu” kwa mara ya kwanza. Kwanza anaunganisha herufi na sauti zake, anatamka kipande kimoja kimoja, kisha anavikusanya vipande hivyo kuwa neno. Halafu ghafla uso wake unang'aa, kwa sababu neno alilolitamka analijua: ameliona jani lenyewe, amemwona mama akilitwanga kinuni, amelila na ugali. Kama neno hilo hajawahi kulisikia, atalitamka vilevile, lakini hakuna kitakachotokea kichwani mwake. Hapa ndipo penye hatari ambayo sisi wasomaji wa Kiswahili tunapaswa kuitambua. Maandishi yetu ni mepesi kutamkwa. Irabu ni tano tu, kila moja ina sauti yake isiyobadilika, na neno huandikwa karibu kama linavyosemwa. Kwa hiyo mtoto wa darasa la pili anaweza kusimama mbele ya wageni akausoma ukurasa mzima kwa sauti kubwa, wote tukampigia makofi, na ukimuuliza habari ile inahusu nini akabaki anakutazama. Walimu waliopo hapa wanajua ninachokisema. Wepesi wa maandishi yetu ni neema kubwa, lakini unauficha upungufu wa maneno na wa uelewa, na upungufu huo hauzibwi kwa kuongeza saa za kukariri a, e, i, o, u. Unazibwa kwa kuzungumza na mtoto tangu akiwa mchanga.

Serikali nayo imeliona jambo hili. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inamhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, nayo imeuweka ujifunzaji wa awali pamoja na afya, lishe, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, inautambua mwaka mmoja wa elimu ya awali. Mwaka huo ni wa thamani, lakini ni mmoja, na mtoto wa darasa la awali anarudi nyumbani mapema akiwa na sehemu kubwa ya siku mbele yake. Sehemu hiyo ya siku iko mikononi mwenu.

Nianze na sauti. Mtoto husikia sauti ya mama yake hata kabla ya kuzaliwa, na akishazaliwa huitambua na kuipenda kuliko sauti ya mtu mgeni; kwa hiyo mama anayemwimbia mtoto akiwa mgongoni amekwisha kuanza kumfundisha. Akifikisha miaka mitatu au minne, chezeni naye mchezo wa makofi, kofi moja kwa kila kipande cha neno. Ko-ro-sho, makofi matatu. Mu-ho-go, matatu. Ne-wa-la, matatu. Kisha mpeni “mtoto” muone atakachofanya: wengi wao watapiga matatu, m-to-to, kwa sababu ile “m” ya mwanzo inasimama peke yake, na sikio lao linalijua hilo kabla mwalimu hajawaeleza. “Mbu” nalo ni makofi mawili, m-bu, ilhali “mbegu” pia ni mawili, mbe-gu, kwa kuwa humo “m” imeshikamana na “b”. Msiwaeleze kanuni hizi. Waacheni wapige makofi, wabishane, warudie. Mtoto aliyezoea kulikata neno vipande kwa sikio, siku mwalimu atakapoandika ubaoni silabi “ko” atakuwa anaonyeshwa alama ya kitu anachokijua tayari.

Baada ya makofi, nendeni kwenye mwanzo wa maneno. Mnapopika, sema: “Natafuta kitu humu jikoni kinachoanza na ma.” Atasema maji, mafuta, maharage, akisema sufuria, msicheke, rudieni pamoja taratibu hadi asikie mwenyewe. Akiwa amekua kidogo badilisheni sauti ya mwanzo: bata, kata, pata. Na sisi wa kusini tuna vitanza ndimi vyetu. Mwambie mtoto aseme haraka haraka “wale wa Liwale hawali wali wa liwali”, naye ulimi utakwama, atacheka, atajaribu tena, na katika kujaribu huko atakuwa anazisikiliza wa, le na li kwa makini kuliko somo lolote la ubaoni lingeweza kumfanya.

Sasa niseme juu ya mazungumzo, ambayo nayapa uzito kuliko yote. Katika uwanda huu wa Makonde maji yamekuwa shida tangu enzi za mababu, na mabibi zetu waliyafuata mabondeni kwenye chemchemi, wakipanda na kushuka na watoto wakiwa nyuma yao. Hata leo, safari ya kwenda kituo cha kuchotea maji au ya kwenda shambani ina nafasi ya kutosha ya kuzungumza. Mtoto anauliza: “Bibi, mbona mabibo mengine mekundu na mengine ya njano?” Bibi anaweza kusema “twende, tumechelewa”, na habari ikaishia hapo. Anaweza pia kusema: “Ee, mjukuu wangu, umeona vizuri. Wewe unadhani ni kwa nini? Na yapi matamu zaidi?” Mtoto atajibu, bibi ataongeza neno, mtoto ataongeza lingine, na kabla hawajafika watakuwa wamezungumza juu ya rangi, juu ya mikorosho ya babu, na juu ya mwaka ambao mvua ilichelewa. Jibu la bibi halikuhitaji kuwa la kitaalamu. Lililohitajika ni kwamba mtoto alisikilizwa, akarudishiwa swali, akalazimika kutafuta maneno ya kueleza kilichomo kichwani mwake.

Msimu wa korosho wenyewe umejaa maneno. Kupalilia, kupogolea, kuchipua, kutoa maua, kuokota, kuanika, kuchambua, kupima, kushona gunia: kila neno hapa ni jina la kitendo ambacho mtoto anakiona kwa macho yake, na neno linaloshikamana na kitendo halisahauliki. Mpelekeni mtoto kwenye jamvi la korosho zilizokauka, akae karibu na mama anayechambua daraja la kwanza na la pili, aulizwe: “Hii tuiweke wapi? Kwa nini?” Jicho linalojifunza kutofautisha korosho nzuri na iliyosinyaa linajifunza kuona tofauti ndogo, na baadaye litahitajika kuona tofauti ya b na d, ya m na n. Lakini naomba nieleweke vizuri. Sisemi mtoto apewe kazi ya mtu mzima. Asiwepo shambani wakati wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, wala asikaribie korosho zinapochomwa na kubanguliwa, kwa kuwa maganda yake yana mafuta makali yanayounguza ngozi. Awe pale kama mtoto, kwa muda wa kitoto, na akichoka aachwe akacheze.

Vitendawili na hadithi vimekuwa shule ya wazee wetu tangu zamani, na nasikitika kuona katika nyumba nyingi vimenyamazishwa na televisheni na simu. Ukitega “nyumba yangu haina mlango”, mtoto analazimika kushikilia maneno yote kichwani, ayalinganishe na vitu anavyovijua, mpaka afike kwenye yai. Huko ndiko kuelewa, kule kule tunakokutafuta anaposoma. Wakizoea kufumbua, waambieni watunge vya kwao. Mnaweza kuwapa mfano huu: “Watoto wengine hukaa tumboni mwa mama, wangu ananing'inia nje.” Jibu ni korosho, kwa maana mbegu yake imekaa nje ya bibo, tunda la mkorosho. Mtoto anayetunga kitendawili cha namna hii amekwisha kujua kwamba maneno yanaweza kusema kitu kwa njia ya kitu kingine. Na katika hadithi za Sungura na Fisi, simameni katikati, muulize: “Sasa Fisi atafanya nini?” Kesho yake mwambieni mtoto amsimulie mdogo wake hadithi hiyo hiyo. Ataruka sehemu, atachanganya mwanzo na mwisho, msimkatize. Akimaliza, ulizeni tu: “Na kabla hajaanguka kisimani, alikuwa wapi?” Atarudi mwenyewe kuipanga.

Kuna swali ambalo wazazi wameniuliza mara nyingi, nami nataka kulijibu bila kuzunguka: tuzungumze na watoto lugha gani? Wengi hapa mnaongea Kimakonde nyumbani, wengine Kiyao, Kimakua au Kimwera, na mnaogopa kwamba mtoto atachelewa Kiswahili cha shule. Ongeeni naye lugha mnayoimudu vizuri zaidi, ile ambayo ndani yake mna methali, utani, nyimbo na majina ya kila mti. Sikio linalojifunza kuchambua sauti katika Kimakonde ni sikio lile lile litakalochambua Kiswahili, na mtoto aliyezoea kusimulia kisa kwa mpangilio katika lugha moja anaweza kukisimulia katika nyingine akishapata maneno. Kiswahili ataletewa na redio, majirani, watoto wenzake na mwalimu. Nanyi mkijua Kiswahili, hadithi aliyoisikia kwa Kimakonde jioni msimulieni tena kwa Kiswahili siku nyingine. Kwa walimu wenzangu nina ombi: mtoto anayekuja siku ya kwanza akijibu kwa Kimakonde asichekwe wala asikemewe. Mwalimu asiyeijua lugha ile awaombe wazazi wamfundishe walau salamu na majina ya vitu vya darasani, ili mtoto ahisi kwamba kinywa chake kinaruhusiwa kufunguka.

Nije kwenye maandishi. Mtu atasema kwamba nyumbani kwake hakuna kitabu hata kimoja. Tazama kanga ya mama iliyoanikwa kwenye kamba. Pale penye “Nani kama mama” pana mstari mzima wa kusoma, wenye herufi kubwa na zilizo wazi. Weka kidole mwanzoni, kipeleke kuelekea kulia huku ukisoma taratibu, na mtoto atajifunza kwamba maandishi yana upande wa kuanzia, kwamba maneno yametengwa kwa nafasi, na kwamba kila ukiyasoma yanasema jambo lile lile. Kuna gunia lenye chapa, pakiti ya chumvi, kadi ya kliniki yenye jina la mtoto mwenyewe, kibao cha kijiji, maneno nyuma ya bajaji. Jina lake ndilo bora kuanzia. Mtoto anayeitwa Hadija atalipenda H kuliko herufi zote, na ataliona kila mahali.

Naomba tukae kidogo kwenye mchezo mmoja, kwa sababu una mambo mengi kuliko unavyoonekana. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi hadi yauzwe mnadani, uanze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, watoto wa mkoa wetu wa Mtwara wamekua wakiona mizani, karani, karatasi na minada, nao wanaigiza wanachokiona. Mmoja anakuwa karani, mwingine mkulima, mwingine mnunuzi. Kijiti na makopo mawili vinakuwa mizani, majani ya mkorosho yanakuwa fedha. Karani anachukua kipande cha mkaa, anachora michirizi kwenye boksi lililochanika, anampa mkulima na kumwambia: “Kilo zako ishirini, shika stakabadhi.” Mtu mzima anayepita ataona uchafu wa mkaa. Mimi naona mtoto aliyekwisha kugundua jambo kubwa kuliko herufi zote: kwamba alama kwenye karatasi zinahifadhi maneno, na kwamba mtu mwingine anaweza kuyasoma baadaye. Michirizi ile ni uandishi wake wa kwanza. Akikuletea, usimwambie “hujui kuandika”. Mwambie: “Hebu nisomee.” Atakusomea, na siku moja utaona kati ya michirizi hiyo imejitokeza herufi ya kweli. Mpeni karani huyo kalamu iliyobakiza wino kidogo na karatasi za zamani zilizoandikwa upande mmoja. Na michezo ya kujipikilisha, ya baba na mama, ya duka na ya hospitali ni ya namna hiyo hiyo; mtoto anayempangia mwenzake maneno ya kusema anatunga hadithi.

Vidole navyo vinahitaji kukomaa kabla ya kushika kalamu. Kupukuchua mbaazi, kuchambua mchele, kusuka ukili, kucheza mdako kwa vijiwe, kutengeneza mdoli wa gunzi, kufinyanga ng'ombe na mitungi kwa udongo, yote yanaipa mikono nguvu na utulivu. Mchanga wetu mwekundu ni ubao usiomalizika: chora mstari, duara, mlima na bonde, kisha herufi ya jina, futa, anza tena, hakuna daftari lililoharibika wala mtoto aliyefokewa.

Watoto wetu wengi wanakwenda madrasa, na baadhi ya wazazi wanahofu kwamba Alif na Be zitawachanganya na A na B. Msihofu. Mtoto anayejua kwamba Kiarabu kinaanzia kulia na Kiswahili kushoto anajua jambo la ziada kuhusu maandishi, mradi tu aambiwe waziwazi. Pwani yetu ina historia ndefu ya jambo hili: barua za zamani kabisa za Kiswahili zinazojulikana kuwa zimesalia ziliandikwa Kilwa, mkoani Lindi, mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu. Na wazee mnaotoka jirani zetu wa Masasi mnakumbuka kwamba mwaka 1971 wilaya hiyo ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizochaguliwa nchini kuwa mbele katika kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Bibi aliyejifunza kusoma chini ya mwembe wakati ule ana haki na uwezo wa kumsomea mjukuu wake leo. Asiyejua kusoma naye ana hadithi na nyimbo, na kwa mtoto wa miaka minne hazina hiyo ni kubwa mno.

Mambo machache ya tahadhari, kwa ufupi. Msimchape mtoto kwa kushindwa herufi. Fimbo inamfundisha kuliogopa daftari. Msimkalishe mtoto wa miaka mitatu mbele ya ubao akariri hadi asinzie. Mtoto asiyegeuka akiitwa, au anayesogeza kila kitu karibu na macho, apelekwe hospitali mapema, wala asiitwe mzito. Mtoto mwenye ulemavu achezeshwe na asimuliwe kama wenzake. Na mwenye njaa apewe uji kwanza.

Ninayo maombi mawili kabla ya maswali. La kwanza ni kwa kina baba: jioni moja moja, redio ikizimwa, muwe ninyi mnaotega vitendawili, kwa sababu mtoto wa kiume akimwona baba yake anafurahia maneno atayafurahia pia. La pili ni kwa kamati ya shule na walimu wa awali. Msimu unakaribia, na familia nyingi zitahamia mashambani na kuwaacha watoto kwa bibi au kwa dada wakubwa, na mahudhurio yatapungua kama yanavyopungua kila mwaka. Naomba mkae na mabibi hao kabla safari hazijaanza, mkubaliane nani atawapeleka watoto darasani asubuhi, na mchague siku moja katika wiki ambapo mzee mmoja atakuja darasani kusimulia, kwa Kiswahili au kwa Kimakonde, huku mwalimu akisikiliza pamoja na watoto. Mwenyekiti wa kamati yupo hapa. Majina ya wazee walio tayari tunaweza kuyaandika leo kabla hatujatawanyika.